Majogoo Wawili, Ua Mmoja

Katika ukurasa huu tumeshazungumzia wivu wa kila aina. Wivu wa mume, wivu wa mke, wivu wa wifi, hata wivu wa mfanyakazi mwenzio anayehesabu dakika zako za chai. Mwezi huu nataka tuzungumzie wivu unaoanza saa kumi na moja alfajiri kwa mabawa kupigwa na vumbi kutimka uani, na wewe unaruka kitandani ukidhani kaingia mwizi. Ndiyo, nazungumzia majogoo.

Usicheke. Siku hizi vijana wengi wenye kazi zao wanafuga kuku nyuma ya nyumba. Mke yuko benki, mume yuko halmashauri, wakirudi jioni mmoja anashika pumba na mwingine anashika ndoo ya maji. Wapo wanaofuga kwa ajili ya mayai ya watoto, wapo wanaotaka kitoweo cha haraka mgeni akitokea, na wapo wanaosema kwa sauti nzito kwamba ule ni mradi. Karibu wote siku moja hufika mahali pamoja: majogoo wawili, ua mmoja, damu kichwani, na mke na mume wanaulizana nani alimleta yule wa pili.

Niseme mapema ninaloliamini. Ugomvi wa majogoo mara nyingi hauletwi na jogoo mwenye roho mbaya. Unaletwa na hesabu mbovu ya mwenye nyumba. Kazi ngumu zaidi ni ile inayofuata, pale hesabu inapoonyesha kwamba mmoja aondoke, na huyo mmoja ni zawadi ya mtu mnayempenda.

Jogoo wa mzee

Mume wangu ni mtu wa Mbuchi, kule delta ya Rufiji, wilayani Kibiti. Kwa asiyepajua, ukitoka Dar es Salaam unashika barabara ya Kilwa mpaka Kibiti, kisha unaiacha lami na kuelekea upande wa bahari, kule mto unakogawanyika matawi mengi na mikoko inakoanza. Ni nchi ya mpunga, minazi, samaki na kamba. Msimu wa mpunga watu huhamia mashambani na kulala kwenye madungu, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti, ili kulinda mazao yasiliwe na ndege na nguruwe. Nyumbani hubaki wazee, watoto wadogo na kuku.

Mama mkwe wangu ana mitetea kumi na mbili na jogoo mmoja. Ni jogoo mwekundu, mwembamba, mkia mweusi, hana lolote la kumvutia mtu wa mjini. Lakini kizazi chake kilianzia kwa kuku wa marehemu baba mkwe, na mama hajawahi kumwita "jogoo wangu". Humwita jogoo wa mzee.

Sasa Desemba moja mume wangu akaamua kumfanyia mama yake jambo. Akanunua jogoo wa Kuroiler, wale kuku wenye asili ya India ambao wafugaji wengi wa Tanzania wamewapokea kwa sababu wanakua haraka na wanatafuta chakula wenyewe kama wa kienyeji. Jogoo mzito, kifua kipana, ukimbeba mkono unachoka. "Mama apate mbegu," mume wangu alisema njia nzima. Tulifika jioni, tenga likafunguliwa, mgeni akaingizwa bandani pamoja na wenyeji. Usiku ulikuwa shwari kabisa, kwa sababu kuku gizani haoni vizuri na hana hamu ya vita.

Kulipopambazuka ndipo tulipojua. Kwa uzito, mgeni alikuwa karibu mara mbili ya mwenyeji. Mimi mwenyewe ningeambiwa niweke dau ningeweka kwake. Lakini yule mwembamba alikuwa kwao. Aliruka, akarusha miguu mbele, akatua, akaruka tena, na yule mzito kila akigeuka alikuwa amechelewa. Ndani ya dakika chache mgeni alikuwa amejibanza nyuma ya pipa la maji, kilemba kimechanika, jicho limevimba. Mama mkwe akamtazama mwanawe, akasema taratibu: "Wahenga walisema jogoo wa shamba hawiki mjini. Hawakusema wa mjini atawika shamba."

Tulicheka sote, isipokuwa mume wangu. Yeye alikuwa ametoa pesa yake, amebeba tenga kutoka Dar, na zawadi yake ilikuwa inavuja damu mbele ya ndugu. Akasema, "Basi tumchinje huyu mdogo, ameshazeeka." Uani pakawa kimya. Huyu mdogo alikuwa jogoo wa mzee.

Nitawaambia ilivyoisha. Kwanza tuelewane kwa nini vita ile haikuepukika.

Wanagombea nini hasa?

Mtu wa kwanza kulichunguza jambo hili kisayansi alikuwa Mnorwe, Thorleif Schjelderup-Ebbe. Tangu utotoni alikuwa anakaa na kuku wa nyumbani, anaandika nani kamdonoa nani. Mwaka 1922 alichapisha alichokiona: kila kundi la kuku lina ngazi ya vyeo. Wa kwanza anaweza kumdonoa yeyote, wa pili anamdonoa kila mmoja isipokuwa wa kwanza, na hivyo hivyo mpaka wa mwisho, ambaye anadonolewa na wote na yeye hamdonoi mtu. Mitetea wana ngazi yao, majogoo wana yao.

Habari njema ni kwamba ngazi ikishapangwa, vita hupungua sana. Mkubwa anamtazama tu mdogo, mdogo anasogea pembeni, maisha yanaendelea. Vita kubwa hutokea pale ngazi inapokuwa haijulikani: jogoo mgeni ameingia, pora aliyekuwa mtoto ameanza kuwika, au mkubwa ameugua na mdogo ameona nafasi. Kwa hiyo ile tabia ya kumwondoa mmoja akae wiki kadhaa kwa jirani, kisha kumrudisha ukitumaini wamesahau ugomvi, haisaidii. Wakisahau, wamesahau vyeo pia, na itabidi waanze upya kuulizana nani bosi.

Hata kuwika kwenyewe kuna itifaki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walichapisha mwaka 2015 matokeo kwamba majogoo wakiwekwa pamoja, mwenye cheo cha juu huanza kuwika alfajiri, na wengine hufuata kwa mpangilio wa vyeo vyao. Mkubwa akitolewa, wa pili anachukua nafasi. Kwa hiyo ukiwa umelala na shuka lako, sikiliza. Anayewika wa kwanza kila siku ndiye mwenye nyumba. Siku mpangilio ukibadilika, jua kuna mapinduzi yanapikwa.

Kumi kwa mmoja

Sasa hesabu yenyewe. Kwa kuku wa kienyeji na chotara, kanuni inayotumiwa na wafugaji na mabwana mifugo ni jogoo mmoja kwa mitetea kumi hivi. Ukiwa na mitetea kumi na mbili kama mama mkwe, unahitaji jogoo mmoja. Mitetea ishirini na zaidi, wawili wanaweza kupata nafasi, kila mmoja na kundi lake. Mitetea sita na majogoo watatu? Hapo umejenga uwanja wa ndondi.

Na wanaoumia zaidi ni mitetea. Majogoo wakizidi, mitetea hao hao wachache hupandwa mara nyingi kupita kiasi. Angalia migongo yao. Ukiona manyoya yamekwisha mgongoni na nyuma ya shingo, ngozi inaonekana, wengine wanakataa kushuka kutoka juu asubuhi, usitafute dawa dukani. Hesabu majogoo. Isitoshe, kila jogoo akijaribu kupanda mwingine anakuja mbio kumwangusha, kwa hiyo unaweza kuwa na majogoo watatu na bado mayai yasiyo na mbegu yakawa mengi.

Tatizo hili linajileta lenyewe. Koo akiangua vifaranga kumi na wawili, tegemea kwamba karibu nusu ni madume. Wakiwa wadogo wanacheza pamoja, wanasukumana vifua, unafurahi kuwatazama. Wakifika miezi minne au mitano wanaanza kuwika kwa sauti ya kukwaruza, na hapo mchezo umekwisha. Ndugu waliokua pamoja wanaweza kuvumiliana muda mrefu kuliko wageni, lakini uvumilivu una mwisho. Panga mapema: yupi atabaki, wepi watauzwa kabla ya Idi au Krismasi, yupi ni wa mchuzi. Pora anayeuzwa kabla hajapigana anakwenda sokoni na manyoya yake yote.

Nafasi nayo ni sehemu ya hesabu. Jogoo aliyeshindwa anakiri kwa kukimbia. Akipata pa kukimbilia, mshindi anamwacha. Akikutana na ukuta, yule wa nyuma anadhani bado anapingwa na anaendelea kupiga. Ndiyo maana majogoo wawili wanaweza kuishi kijijini miaka miwili bila kuuana, lakini ukiwaleta kwenye ua wako wa hatua nane kwa sita, wenye ukuta wa matofali pande zote, wanaumizana siku ya kwanza. Mafahali wawili hawakai zizi moja, lakini porini wanakaa.

Watu wa delta wanalijua hili kuliko sisi, kwa sababu kwao ua hupungua. Maji yakijaa wakati wa bamvua, walio kandokando ya mto huona sehemu kavu ikisogea karibu na mlango. Na mafuriko yakija, kama yale ya Aprili 2024 yaliyozikumba wilaya za Rufiji na Kibiti, kuku waliookolewa kutoka nyumba hii na ile hujikuta kwenye kipande kimoja cha nchi kavu. Hapo huwezi kumlaumu jogoo. Unachoweza ni kufunika mmoja kwa tenga hadi maji yapungue.

Mitetea nao wana kauli

Wanaume wanaosoma ukurasa huu wasidhani kwamba mshindi wa vita anachukua vyote. Watafiti Tommaso Pizzari na Tim Birkhead walionyesha mwaka 2000 kwamba mtetea akipandwa kwa nguvu na jogoo wa cheo cha chini ambaye hakumtaka, mara nyingi huitoa mbegu yake nje mara tu baada ya tendo. Yaani bibie hajashindana na mtu, hajapiga kelele, ila uamuzi wa nani atakuwa baba wa vifaranga vyake ameubakiza kwake.

Na wapo majogoo wanaopendwa bila kushinda. Umewahi kumwona jogoo akiokota punje, anaiweka chini, anaiokota tena, huku anatoa ule mlio wa ko-ko-ko wa kuita mitetea waje wale? Hiyo ni posa. Watafiti wa Australia waligundua kwamba jogoo wa cheo cha chini, akiwa karibu na mkubwa, hucheza ngoma ile ile ya kichwa lakini anabana sauti. Mtetea anaona, mkubwa hasikii. Nimewasimulia wenzangu ofisini, mmoja akasema anamfahamu mtu wa aina hiyo idara ya uhasibu.

Kuna jambo la kuzingatia hapa kwa anayetaka kubadilisha jogoo. Mtetea anaweza kuendelea kutaga mayai yenye mbegu kwa wiki mbili hivi, wakati mwingine zaidi, baada ya jogoo kuondoka. Ukimtoa wa zamani leo na kumwingiza mpya kesho, vifaranga vya wiki ya kwanza huenda bado ni vya yule aliyeondoka. Subiri wiki tatu ndipo uanze kukusanya mayai ya kulalia ukitaka uhakika wa baba.

Mgeni aingizwe hivi

Methali inasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wahenga waliifahamu kazi hii. Kama umehesabu na umeona kweli unahitaji jogoo mpya, usimfungulie tenga katikati ya uani jioni ile ile aliyofika. Fanya hivi:

Kwanza, mtenge mbali na wenzake kwa wiki mbili. Sababu ni magonjwa, hasa mdondo, ambao unaweza kufagia banda zima kwa siku chache. Hakikisha wote, mgeni na wenyeji, wamepata chanjo. Chanjo ya matone ya jichoni ya I-2 inatengenezwa Kibaha, hapo hapo mkoani Pwani, na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Pili, wiki moja hivi aonekane lakini asiguswe. Mfunike kwa tenga kubwa uani au mtengee kona yenye wavu. Wenyeji watakuja kumtazama, watatishiana kupitia kwenye matundu, watachoka. Maswali mengi ya cheo humalizwa hapo bila damu.

Tatu, siku ya kumfungulia, iwe siku ambayo uko nyumbani. Weka vyombo viwili au vitatu vya chakula na maji, mbalimbali, ikiwezekana anayekula hiki asimwone anayekula kile. Egemeza ubao ukutani, weka pipa, tundika matawi, ili mwenye kushindwa apate pa kujificha.

Nne, watapigana kidogo. Waache. Kutishiana, kusimamisha manyoya ya shingo, kurukiana mara mbili tatu na mmoja kukimbia, hayo ni mazungumzo. Ingilia pale mmoja ameshakiri na bado anafuatwa, au damu inatiririka, au wote wamegoma kuacha. Usiingize mkono mtupu katikati yao. Tumia ubao, beseni au ndoo ya maji. Kikwaru, ule mwiba wa mguuni, hauchagui nyama.

Tano, mwenye kidonda atolewe. Damu nyekundu inawaita kuku wengine wote wadonoe, hata wale waliokuwa marafiki zake. Osha kwa maji safi ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, muweke peke yake mpaka pakauke. Kikwaru kikiwa kirefu na chenye ncha kali, ncha peke yake inaweza kusuguliwa kwa tupa. Usikate karibu na mguu, ndani kuna mfupa ulio hai na damu.

Na kwa wale wenye kuchi, yule jogoo mrefu wa pwani na Zanzibar mwenye shingo ndefu na macho ya askari wa lindo, nawaomba msijaribu bahati. Watafiti wa vinasaba wameonyesha undugu kati ya kuchi na kuku wa kupiganishwa wa Asia ya Mashariki. Vita iko kwenye ukoo. Kuchi mmoja kwa ua mmoja inatosha. Na akitokea rafiki wa mume wako mwenye wazo la kuwapiganisha kwa dau siku ya Jumapili, mkumbusheni kuwa tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na ukatili kwa mnyama ni kosa.

Aondoke nani?

Turudi Mbuchi. Usiku ule mume wangu hakulala vizuri. Aliniambia, "Mama anamthamini kuku kuliko mimi." Ukitaka kujua zawadi inabeba nini ndani yake, sikiliza mtu anavyoongea siku zawadi yake inapokwama. Alikuwa hazungumzii kuku. Alikuwa amekaa mjini miaka mingi, anatuma pesa kwenye simu, anapiga kila Ijumaa, na alitaka kitu chake kimoja kionekane pale uani kila asubuhi. Nilimjibu kwamba uani pale tayari pana kitu cha baba yake, na mama hawezi kuombwa achague kati ya marehemu na mwanawe, tena kwa kisu.

Wapendwa, hapa ndipo ndoa nyingi hukwama. Mke anaona jibu, mume anaona dharau. Mume anasema "ni kuku tu", na kama ingekuwa kuku tu asingekuwa macho saa nane usiku. Ushauri wangu kwa wake na waume wenzangu: mwenzio akishikwa na jambo dogo kupita kiasi, usimpime kwa udogo wa jambo. Muulize alitaka nini kitokee.

Aliyetatua ni mama mwenyewe, na hakutoa hotuba. Asubuhi alimkamata mgeni, akamwosha kidonda, akamfunika kwa tenga kivulini. Siku ya tatu akamwita shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye amejenga upande wa pili wa kijiji. Shemeji alikuwa na mitetea minane na hana jogoo, wake aliliwa na kicheche. Mama akamwambia mbele yetu sote: "Mchukue mgeni wa kaka yako, akae kwako awe mkubwa huko. Vifaranga vikikua, niletee tembe wawili."

Sijui kama mnaiona akili iliyomo. Mume wangu alitaka mama apate mbegu, na mbegu inakuja, lakini inakuja kwa miguu ya mitetea. Tembe wageni nao watadonolewa siku za mwanzo, kila mgeni ana kamba yake mguuni, lakini hawatampokonya mtu uani. Jogoo wa mzee atawapanda, watoto wao wanaweza kurithi kiasi cha ukubwa wa Kuroiler na wepesi wa mwenyeji. Na kwa kuwa damu mpya imeingia, jogoo hatabaki kuwapanda mabinti zake mwenyewe, jambo ambalo likiendelea vizazi kadhaa hudhoofisha kundi. Zawadi haikurudishwa, haikuchinjwa, imebaki ndani ya ukoo. Mume wangu aliibeba tenga mwenyewe mpaka kwa mdogo wake, na jioni akakaa kule kule, wakala wali na kamba.

Kama wewe huna shemeji wa upande wa pili, njia bado zipo. Unaweza kumfugisha jogoo kwa jirani mwenye mitetea wasio na dume, mkakubaliana mgao wa vifaranga tangu mwanzo, ukimtaja kila mmoja atapata wangapi. Unaweza kubadilishana majogoo na mfugaji wa mtaa mwingine kila mwaka au miaka miwili, wote mkapata damu mpya. Unaweza kuwaweka madume peke yao sehemu isiyo na mitetea kabisa. Wengi hutulia pale sababu ya ugomvi inapoondoka mbele ya macho yao. Na ikiwa jibu ni sufuria, basi iwe hivyo, ila aliyempa aulizwe kwanza. Neno moja la "mama, tunaomba ruhusa" linaokoa miaka ya kununiana.

Kwa wale wa mjini

Wale mnaoishi nyumba za kubanana Mbagala, Tabata au Kimara, nina swali moja kabla hamjanunua jogoo hata mmoja: mnataka vifaranga, au mnataka mayai tu? Wapo wengi wanaoamini mtetea hatagi bila jogoo. Anataga vizuri tu. Yai halitakuwa na mbegu, basi, na kwenye kikaango hakuna tofauti. Ukiwa na mitetea watano wa mayai ya chai ya asubuhi, jogoo ni mlaji wa ziada, saa ya kengele ya majirani na, siku akija wa pili, sababu ya ugomvi.

Mnaotaka vifaranga, kaeni wawili wenu Jumamosi hii kabla ya kufungua banda. Mmoja ahesabu mitetea, mwingine ahesabu majogoo. Gawanyeni. Kisha angalieni migongo ya mitetea, hesabuni vyombo vya chakula, na mwanze upande mmoja wa ua kuona kama kuku anayekimbia anaweza kupotea machoni kabla hajagonga ukuta. Kama jibu la kugawanya liko chini ya nane, andikeni jina la anayeondoka na mahali anapokwenda. Na kama huyo anayeondoka aliletwa na mtu, mpigieni simu kabla ya saa sita mchana, mkiwa wote wawili, simu imewekwa spika.